Vibao vya Eda

Siku ya arobaini na tatu ya eda, habari zilienea Mtaa wa Mkunguni kwamba mjane wa Kitwana ananuka rangi. Hawakusema amepaka hina, maana hilo lingekuwa kosa linaloeleweka, wala hawakusema ametia wanja. Ananuka rangi ya mafuta, ile ya kupakia mageti. Na Kariakoo hii hii, ambako mtu anaweza kuibiwa gunia zima la vitunguu mchana kweupe asipate shahidi hata mmoja, walipatikana mashahidi saba wa harufu hiyo kabla ya adhuhuri.

Aliyetumwa kuhakikisha ni Mwanne, mpangaji wa chumba cha uani, mwanamke mwenye huruma nyingi na mdomo ulioizidi huruma yake. Alibeba bakuli la uji ili safari yake iwe na sababu, akapiga hodi na kuingia palepale.

"Karibu, Mwanne," alisema Mwanamkuu. "Usikanyage hapo, pabichi."

Mwanamkuu alikuwa amekaa sakafuni, kajitanda nguo nyeupe ya eda, miguu kainyoosha. Mbele yake kulikuwa na kibao cha hadibodi, na kuzunguka kibao vizibo vya soda, kila kizibo na tone lake la rangi. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vya buluu mpaka kwenye viungo. Mwanne aliweka uji chini, akashika kiuno.

"Shoga yangu, hiki nini?"

"Mguu."

"Mguu wa nani?"

"Sijamjua bado."

Mwanne aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. "Mie naona muhogo."

"Hata mie naona muhogo. Ndiyo maana naurudia."

"Watu wanasema, Mwanamkuu. Wanasema mfiwa yuko ndani anachezea rangi, marehemu hata udongo haujakauka. Mjane hajipambi."

"Na nimejipamba wapi?" Aliinua mkono wake wa buluu, akautazama kama vile ndiyo kwanza anauona. "Huku kuchafuka tu. Ukitaka kujua nimejipamba, niletee kioo. Tangu Kitwana afe sijajitazama."

Mwanne alimsogezea bakuli la uji. Alirudi uani akawaambia wenzake kwamba mfiwa yuko salama, hajipambi, ila kidogo akili imepata mshtuko. Wote wakaridhika na maelezo hayo.

Ukweli ni kwamba akili yake haikuwahi kutulia kiasi kile. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa yake na Kitwana, Mwanamkuu alikuwa anaamka kabla ya adhana ya alfajiri kukanda unga wa chapati, kuchemsha maharage, na kuyabeba hadi sokoni kuwauzia wachukuzi wa mizigo. Akirudi anafua, akimaliza anapika, akipumzika anachambua maharage ya kesho. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Hakumbuki siku aliyokaa na mikono mitupu, labda zile alizolazwa na malaria.

Kisha mume akafa, na sheria ya Mungu ikamwambia akae ndani miezi minne na siku kumi. Asiende sokoni wala arusini, asiuze. Majirani ndio walioleta chakula. Kodi ya chumba marehemu alikuwa ameilipa miezi sita kwa mkupuo, akafa mwezi wa pili, kwa hiyo hata mwenye nyumba hakuwa na neno. Wiki ya kwanza alilia. Wiki ya pili alilala hadi usingizi ukamchosha. Wiki ya tatu alianza kuyatazama makopo.

Kitwana alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka. Chumba chao cha mbele ndicho kilikuwa karakana, kina mlango wake wa kutokea barabarani. Siku ya tatu ya msiba watoto wake wa mke wa kwanza, Adamu na Shamsa, walikuja wakachukua simu ya baba yao, baiskeli na saa yake, wakasema ni ukumbusho. Makopo ya rangi waliyaacha kwa kuwa ni mazito na yananuka. Waliacha pia vibao ishirini na vinne vilivyokwisha kukatwa, na brashi zake ambazo Mwanamkuu hakuwahi kuzigusa isipokuwa kuzifagilia vumbi. "Rangi ghali, mke wangu," Kitwana alizoea kusema, bila ubaya. Alikuwa mtu mwema, ila brashi zilikuwa zake.

Kopo la kwanza alilifungua kwa mpini wa kijiko. Hakuwa na nia ya kuchora. Alitaka kuona kama rangi imeganda. Ilikuwa haijaganda, ilikuwa buluu nzito yenye kung'aa, na akachovya kidole.

Alichora nini? Alichora alichokiona, na alichokiona ni kidogo. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya eda. Lakini mlango wa barabarani ulikuwa umekatwa chini, kwa sababu kila masika maji yaliuvimbisha, na Kitwana akachoka akatwaa msumeno. Pale chini palikuwa na mwanya wa shubiri moja. Mwanamkuu akilala kifudifudi juu ya mkeka aliiona Kariakoo yote ikipita, kuanzia kwenye nyayo hadi kwenye vifundo vya miguu, haizidi hapo. Kandambili zilizofungwa kwa waya. Raba nyeupe za wamachinga. Visigino vya mchukuzi vilivyopasuka hata kutia huruma. Miguu ya bibi arusi wa jana yenye piko mbichi, inarudi kununua ndoo.

Miguu ya kwanza ilikuwa mihogo, kama Mwanne alivyosema. Akakasirika nayo. Akaanza kuitazama miguu vizuri zaidi, akagundua kwamba kosa lake ni kuanza na mguu. Mguu haupo hewani. Akaanza na ardhi kwanza, ile saruji chafu ya barazani, akaiacha ikauke, kisha akaweka kivuli, na mguu ukaja wa mwisho kukaa juu ya kivuli chake. Akagundua kila mtu anamaliza kandambili yake upande mmoja, na ukiupata ule upande umempata mtu mwenyewe. Brashi za Kitwana zilikuwa nene kwa nyufa za visigino, akachomoa njiti kwenye ufagio wa chelewa, akaitafuna ncha, ikawa brashi.

Rangi ya mafuta haikauki upesi, na haraka yake iliharibu vibao vinne, akalazimika kuvikwangua, kabla hajajifunza. Basi akawa na vibao vitatu kwa wakati mmoja. Kimoja kinakauka, kimoja anakichora, na kimoja amekigeuza uso ukutani, hakitazami hata kwa jicho la pembeni. Siku ya tatu baada ya sala ya alfajiri alikigeuza ghafla, na palepale kosa lilimrukia usoni. Alicheka peke yake. Akakwangua, akapaka upya. Na kuna siku alikigeuza kibao asione kosa, akakaa akikitazama hadi uji ukaganda bakulini.

Siku hiyo aliona furaha, na furaha ikamtia aibu. Mume yuko kaburini naye anafurahi. Alisoma Yasini mbili kumwombea Kitwana, kisha akafungua kopo jekundu.

Mtaa ulibadilika baada ya kibao cha mgambo. Asubuhi moja mgambo walivamia barabara kuwaondoa wamachinga, na Mwanamkuu akaona buti nane nyeusi zikipita na mbele yake miguu mingi ikikimbia upande mmoja. Alichora buti mbili tu pembeni ya kibao. Katikati aliacha saruji tupu na ndala moja iliyochomoka mguuni.

Mwanne alipokiona alisema, "Ndala hii ya Beno muuza soksi. Alirudi siku ile anachechemea."

"Ndiyo yake."

"Umejuaje?"

"Sikujua. Nilichora ndala."

Tangu hapo wanawake wa nyumba ile na ya jirani wakawa wanakuja kwa zamu kujitafuta. Walikuja na sambusa, wakasema wamekuja kumliwaza mfiwa, na macho hayatui kwa mfiwa. "Huyu mie! Tazama kidole changu kilivyokaa kama kimenuniwa." "Acha uongo, wewe una mguu mwembamba hivyo? Huyo mama Asumini." Hakuna aliyeuliza tena habari ya eda. Na hata yule mama wa msikitini ambaye alisema picha za viumbe hufukuza malaika, alitafuta nyuso kwenye vibao vyote kumi na tisa asione hata moja, akaondoka amesahau kisa kilichomleta.

Siku ya tisini hivi alikuja Rachel, msichana mwenye mgahawa mmoja Upanga, kufuata kibao chake cha jina ambacho Kitwana alikimaliza wiki ile aliyofariki.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba, nimesikia juzi tu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa. Kibao chako kile pale, marehemu alikuachia kikauke."

Rachel hakukitazama kibao chake. Alikuwa anavitazama vile vingine, vilivyoegemezwa ukutani kwa mpangilio, kuanzia miguu ya wachukuzi wa alfajiri hadi miguu ya watu wa isha. Akachuchumaa. Akatembea kwa kuchuchumaa kutoka kimoja hadi kingine, na gauni lake la kazini likafagia sakafu.

"Nani kachora?"

"Mie."

"Umejifunzia wapi?"

"Hapa hapa chini."

Rachel alicheka, halafu akaona hakutaniwa. "Vipo vingapi?"

"Vitakuwa ishirini na vinne. Hadibodi zenyewe ndizo hizo, zikiisha nimeisha."

"Mama, mimi navitaka vyote. Nina ukuta mmoja mrefu, nataka vikae hivi hivi, toka asubuhi mpaka usiku. Nitakupa laki moja kila kimoja. Na usiseme umeisha. Nitakuletea hadibodi na rangi, uendelee."

Mwanne, ambaye alikuwa ameingia bila hodi, alikalia kopo la rangi.

Usiku ule Mwanamkuu hakupata usingizi, na si kwa sababu ya fedha. Fedha alizielewa. Laki ishirini na nne ni kodi ya chumba hiki kwa mwaka mzima na chenji inabaki. Lililomkosesha usingizi ni lile neno, uendelee. Yeye alidhani huu ni mchezo wa eda, utakwisha nayo, atarudi kwenye maharage yake. Hakuwahi kuthubutu kuomba zaidi. Sasa mtu amekuja na viatu vyake vya ofisini, amemwambia uendelee, na moyo wake wote ukalishika neno hilo, haukutaka kuliachia. Chumba hiki, mwanya ule wa mlango, na asubuhi za kukaa na vizibo vya soda. Hakutaka kingine duniani.

Na hapo ndipo alipofanya kosa lake. Lilikuwa kosa la mtu mwaminifu, na makosa ya watu waaminifu hayana dawa.

"Mwanne, hizi rangi za nani?"

"Zako."

"Za Kitwana. Mirathi haijagawiwa. Nimekula mali ya marehemu miezi mitatu, nisimuulize mtu. Mali ya marehemu moto."

"Wee mwanamke! Watoto wake wenyewe waliyaona makopo wakayaruka. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe."

"Nikisali mikono inanuka tina ya rangi. Nitamwombaje Mungu anipokelee?"

Akamwita Ustadhi Twaha, mwalimu wa madrasa ya nyuma ya nyumba. Ustadhi alikaa ukumbini, Mwanamkuu nyuma ya pazia, na akamweleza kila kitu, pamoja na bei, maana hakuona sababu ya kuificha. Twaha alikuwa kijana mpole, mwenye elimu, asiyependa ugomvi hata wa kuku.

"Rangi na vibao ni mali ya warithi wote, Bi Mwanamkuu, na wewe ni mmoja wao," alisema. "Kazi ya mikono ni yako. Waite watoto, waombe ridhaa yao. Wakiridhia, hapana neno."

"Na wasiporidhia?"

"Wataridhia. Ni watoto wako."

Adamu hakuwa amekanyaga pale tangu hitima. Alipopigiwa simu alifika jioni ile ile, amefunga duka lake la spea Gerezani mapema, na Shamsa akiwa nyuma yake; Ustadhi naye alikuwa ameitwa tena, amekaa mlangoni. Alivitazama vibao kwa muda mrefu.

"Hiki laki moja?" aliuliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Miguu hii?"

"Ndiyo, mwanangu."

Adamu alikaa kitandani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa muuza spea, na muuza spea akisikia bei ya kitu hawezi kujifanya hakusikia. "Mama mdogo, sisi hatutaki maneno na wewe. Baba hakuacha nyumba, hakuacha shamba. Kama ameacha hivi, tugawane kama dini inavyosema."

"Vibao vilikuwa vitupu, Adamu. Kazi nimeifanya mie."

"Nani kakataa? Ila nikuulize. Ukichukua unga wangu, ukakaanga maandazi, nikirudi nitakuta unga?"

"Hapana," alisema Mwanamkuu.

"Nitakuta maandazi. Sasa hayo maandazi ya unga wa nani?"

Ustadhi Twaha alikohoa. "Lakini, Adamu, kiadilifu mpishi apewe ujira wake kwanza."

"Ujira? Nani alimwajiri, Ustadhi?" Adamu alimgeukia. "Baba alikufa hata kumwonyesha kushika brashi hajamwonyesha. Au nasema uongo, mama mdogo?"

"Husemi uongo."

Ustadhi alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa. Akaaga. Watoto wa madrasa walikuwa wanamsubiri.

Mjane mwenye watoto wa kambo fungu lake ni thumuni. Vibao ishirini na vinne, thumuni ni vitatu. Vinavyobaki ni ishirini na kimoja, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja, yaani Adamu kumi na vinne na Shamsa saba. Hesabu ilikaa sawasawa, haikubaki hata sehemu ya kibao. Adamu alisema hiyo ni ishara kwamba Mungu ameridhia.

Vilikuwa bado vitano havijachorwa. Mwanne alimshauri aviache vitupu. "Wachorewe na mama yao!" Mwanamkuu alivichora vyote vitano. Alijua anawachorea wengine, alijiona mjinga, na kila asubuhi aliamka akiwa na hamu ya kushika njiti. Cha mwisho hakukitoa kwenye mwanya wa mlango. Alichora nyayo za mwanamume aliyesimama ndani, anatazama nje, kidole gumba cha kushoto kimepinda kwa kuangukiwa na pipa zamani. Alikigeuzia ukutani siku tatu. Alipokigeuza alikuwa ni Kitwana kabisa, amesimama kama anayesubiri chai, na Mwanamkuu akamlilia upya.

Siku ya kutoka eda wanawake walimwogesha alfajiri, wakamvisha kanga mpya, wakamfukiza udi. Mwanne alilia kuliko wote. Saa nne vibao vilipangwa uani, ukutani, kwa mpangilio wake, asubuhi mpaka usiku. Ilikuwa mara ya kwanza Mwanamkuu kuviona kwenye jua, na mara ya kwanza kuviona vyote pamoja, maana chumbani havikuenea. Alitamani angalau siku moja avitazame hivyo. Alipata robo saa.

Rachel alikuja, maana Adamu alimpigia. Aliamkia, akavitazama, akafungua mkoba.

"Dada, bei ni laki tatu," alisema Adamu.

"Mama aliniambia moja."

"Mama ana vitatu. Hivi vingine vina wenyewe."

"Kaka, mimi sina laki sabini. Tukubaliane ile ile, nichukue vyote leo, mgawane fedha."

"Dada, laki tatu, mwisho mbili na nusu. Kazi hii huipati mahali pengine."

"Basi nashindwa," alisema Rachel. Akafunga mkoba. Alimwendea Mwanamkuu, akashika mikono yake miwili. "Samahani, mama. Nilitaka ukuta wote, vitatu vitaonekana kama vimepotea. Ila ukichora vingine nitafute, sawa?"

"Sawa, mwanangu."

Rachel akaondoka. Mwanne alimvuta Adamu shati. "Mwite!"

"Tulia," alisema Adamu. Alikuwa amekulia Kariakoo, na Kariakoo mteja hufunga mkoba, huenda hatua kumi, akaitwa kwa sauti ya kuchoka, akarudi. Ukimwita mapema umeumia. Adamu alihesabu zile hatua kumi kwa kichwa, akatoka mlangoni taratibu, akiwa ameandaa uso wa mtu anayeonewa. Gari la Rachel lilikuwa limekwisha kukata kona. Alipiga simu mara mbili. Mara ya tatu ilimwambia mteja hapatikani.

"Atarudi," alisema Adamu. Hakurudi.

Wakagawana. Shamsa, ambaye siku zote zile hakusema hata sentensi moja kamili, alikwenda moja kwa moja kwenye kibao cha mwisho, akapiga magoti.

"Baba," alisema. "Kaka, tazama kidole. Huyu baba!" Akakikumbatia kifuani, akalia kwa sauti. Mwanamkuu alikuwa amefungua mdomo aseme hicho nipeni mie, hicho tu, vingine chukueni. Akaufunga. Binti amemwona baba yake, utamwambia nini?

Adamu alichagua vyenye rangi kali. Vilipobaki vitatu, vilikuwa vile ambavyo saruji ni nyingi na miguu ni michache, pamoja na kile cha mwanzo kabisa ambacho hata Mwanamkuu mwenyewe alikionea haya. Makopo na brashi alinunua fundi mmoja wa mtaa wa pili, na fedha yake pia wakaigawa kwa nane. Adhuhuri, kwa kuwa ile miezi sita ya kodi ilikuwa imeisha, ufunguo ulirudishwa kwa mwenye nyumba, ambaye alikuwa na mpangaji mpya tayari, mtu wa vifaa vya simu. Adamu alimpa mama yake mdogo nauli ya bajaji, akamwomba radhi kama kuna lolote, naye akasema hakuna.

Mdogo wake Mwanamkuu wa kike, Mgeni, alikuwa amepanga chumba Buguruni, jirani na soko, na mbele ya nyumba alikuwa na genge. Alimpokea dada yake kwa moyo mmoja. Kitanda kilikuwa kimoja, pazia moja, na sakafu ilijaa matenga ya nyanya yaliyohitaji kuingizwa ndani kila jioni. Mwanamkuu alianza tena kuamka kabla ya adhana. Chapati zake zilipendwa upesi.

Alijaribu. Nani aseme hakujaribu? Alinunua kopo dogo jeusi kwa fedha ya chapati, akachana boksi, akakaa mlangoni wakati wa alasiri ambapo wateja ni wachache. Hapo mlango haukuwa na mwanya, ulikuwa wazi kutwa nzima, na watu walipita wazima wazima, na vichwa vyao, na sauti zao, na mikono inayodai chenji. Aliwaona wote, na hakuna hata mmoja aliyemshika. Kila alipoweka ardhi, mtu alitaka nyanya za mia tano. Boksi lilikauka na saruji yake tupu. Mgeni, bila kujua, alilitumia kupepea jiko.

"Dada, lilikuwa la maana?"

"Hapana."

Alikwenda Gerezani mara moja kumsalimia Adamu. Vibao vilikuwepo, vimesimamishwa kwenye shelfu kutenganisha shokapu za mbele na za nyuma. Kile cha mgambo kilikuwa na tundu la msumari na bei imeandikwa kwa chaki. Adamu alimnunulia soda. Mwanamkuu aliinywa yote, akashukuru, akaondoka. Hakurudi tena.

Mwezi wa nne tangu ahamie Buguruni, mama mwenye nyumba alikuja gengeni na habari ya posa, hajaweza hata kukaa vizuri kwa kicheko.

"Mzee Mwinyimvua wa nyumba ya kona. Amemwona Mwanamkuu, anamtaka. Miaka sabini na nane! Wake wawili wamemtangulia, sasa anataka wa tatu amsukume."

Mgeni alicheka akashika mbavu. "Sukari, moyo, mguu mmoja hautembei. Huyo hatafuti mke, anatafuta nesi wa bure. Mwambie dada yangu hajachoka maisha."

Mwanamkuu alikuwa anachambua maharage. "Chumba anacholala kipo wapi?"

"Eti?"

"Nauliza chumba."

"Cha mbele," alisema mama mwenye nyumba, amepunguza kicheko. "Kinaangalia barabara. Nyumba yake mwenyewe, hapangi."

"Ana watoto?"

"Hakujaliwa hata mmoja."

Mjane asiye na watoto wa kambo ni robo. Wazo hilo lilimjia bila kuitwa, na nyuma yake likafuata la pili, zima, na idadi yake ya siku. Miezi minne na siku kumi. Chumba cha mbele, majirani wanaleta uji, hakuna anayedai nyanya. Na safari hii rangi angeinunua mapema kwa fedha yake, hakuna atakayeuliza ya nani. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Aliiogopa nafsi yake kama anavyoogopwa mtu aliyeshika kisu. Mzee wa watu yuko hai, anavuta pumzi yake nyumba ya tatu kutoka hapa, hajamkosea kitu. Akasema astaghfirullahi, akasema tena, na mara ya tatu midomo ilitikisika tu.

"Waambie nimekubali," alisema.

Mgeni aliacha kucheka. "Dada! Mzima wewe? Unampendea nini yule?"

"Ni mtu mwema. Nitamwangalia."

Na alikuwa na nia hiyo kweli. Angemwogesha, angempa dawa zake kwa saa, chapati zake zisingekuwa na sukari. Mama mwenye nyumba, aliyeona mambo yamegeuka kuwa ya heri, alijiweka sawa kwenye benchi, akainua viganja vyake.

"Basi tumwombee. Mola ampe Mzee Mwinyimvua afya na umri mrefu, amzeeshe na mkewe."

"Amina," alisema Mgeni, shingo upande.

Mwanamkuu naye aliinua viganja. Alitaka kuitikia. Neno lilikuwepo mdomoni, jepesi, amelisema maelfu ya mara maishani mwake, na wale wawili walikuwa wanamtazama, wakisubiri.